Kitambaa Kisicho na Maua

Machi 2020 ilinikuta Bwera na majora manne ya kitambaa cha sare ambacho hakuna aliyekihitaji tena. Jora la bluu ya bahari, la damu ya mzee, la njano na la kijani kibichi. Niliyapakia kwenye taksi kutoka Kasese kwa ajili ya oda za shule mbili, nikitegemea mikono ya mama mkubwa na cherehani yake. Tarehe 20 shule zote za Uganda zikafungwa. Baada ya siku chache mpaka wa Mpondwe ukafungwa kwa abiria, kisha usafiri wa umma ukasimama. Shule moja ilinijulisha kwa ujumbe wa simu kwamba oda imefutwa. Ya pili haikusema kitu hata nilipopiga. Nikabaki barazani kwa mama mkubwa na zaidi ya mita mia moja za rangi nne, na deni la duka la jumla.

Kwa asiyeijua Bwera: huu ni mji wa vitenge. Mto Lhubiriha ndio mpaka, ng'ambo ni Kasindi ya Kongo, na siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, vitambaa huvuka vichwani mwa wanawake. Wenzetu wa ng'ambo kitenge hukiita kikwembe. Mwanamke wa huku hushika ukingo tu, akausugua kati ya vidole, akakwambia kama rangi itadumu. Mbele ya bidhaa kama hiyo, kitambaa cha rangi moja ni kitu cha amri: sare ya shule, ya manesi, ya mlinzi getini. Huvaliwa kwa sababu umeambiwa uvae. Nilipomwambia jirani kwamba nataka kushona blanketi kwa bluu ile na njano ile, aliniuliza kwa huruma ya kweli, "Bila maua?"

Mama mkubwa hakuuliza. Aliingia ndani akatoka na blanketi alilolitunza sandukuni, akalitandika juu ya mkeka. Kamusi zetu zina neno zuri kwa kitu hiki, mfarishi: kitambaa juu, kitambaa chini, pamba katikati, vyote vikashonwa pamoja. Nyumbani tulisema blanketi la viraka tu. Hili alilishona kwa ovaroli za baba mkubwa, mchimbaji wa shaba Kilembe hadi mgodi uliposimama mwaka 1982. Bluu pande zote, na katikati mstatili mmoja mwekundu uliotoka kwenye gauni. Ndani mlikuwa na pamba ya tambarare za Kasese, ileile ambayo wakulima waliipeleka kwenye chama cha ushirika cha Nyakatonzi, ila yeye alibakiza kikapu akaitoa mbegu kwa vidole, jioni baada ya jioni.

Niliinama nikatazama. Bluu haikuwa moja. Magotini ilikuwa imepauka hadi kukaribia kijivu. Pale mfuko ulipobanduliwa palibaki mraba mzito, bluu ya siku nguo iliponunuliwa, umezungukwa na vitundu vidogo vya sindano ya kiwandani. Nililala chini ya blanketi hilo utotoni miaka mingi nikidhani limeshonwa hivyo kwa sababu hapakuwa na kitambaa kingine. Siku hiyo niliona kwamba kila kipande kilikuwa kimewekwa kwa kukusudia. Zilizopauka zilikaa ndani, nzito zikakaa pembeni, na ule wekundu ukasimama peke yake kama moto uliokokwa katikati ya uwanja. Nikamuuliza nani alimfundisha kupanga namna ile.

"Nilikuwa nazihamisha," akasema, "mpaka jicho linatulia. Jicho likikataa, usishone."

Kwa hiyo tukakata jora la kwanza.

Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa wa miraba sawa ya rangi zote nne, zimepokezana kama ubao wa drafti. Nilidhani usawa ni uzuri. Tulipoutandaza, hakuna aliyeweza kuutazama kwa muda. Macho yalikimbia huku na huku yasipate pa kukaa. Mama mkubwa aliusogeza kwa mguu kidogo, akasema zote zinasema kwa wakati mmoja. Mpe mmoja nyumba, wengine wawe wageni. Nikaufumua. Nikaipa bluu nyumba, zaidi ya nusu ya upana wote, nikaiacha tupu bila kipande kingine, jambo ambalo mkono wangu ulikuwa unaliogopa kwa sababu fundi hulipwa kwa kazi inayoonekana. Kijani nikakipa kona. Damu ya mzee ikawa ukanda mmoja mrefu usiofika mwisho. Njano ikabaki upana wa vidole viwili tu, na hiyo njano kidogo ndiyo kila mpita njia aliyoiona kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba rangi moja haijulikani mpaka umjue jirani yake. Kipande kilekile cha njano, nikikilaza karibu na nyeupe hufifia kama jua la asubuhi yenye ukungu. Nikikilaza juu ya damu ya mzee huwaka. Bluu ya bahari kando ya kijani huwa kama imelala, kando ya rangi ya chungwa huamka. Nilijifunza kufumba macho nusu, mpaka majina ya rangi yapotee na kubaki weusi na weupe wake tu. Ukiona vipande viwili vimeungana kuwa kimoja, ujue vina uzito sawa, na mstari ulioushona kwa saa nzima hautaonekana na mtu. Siku hizi napiga picha kwa simu, naigeuza iwe nyeusi na nyeupe, napata jibu hilohilo. Lakini nawashauri wanaoanza wafumbe macho kwanza. Simu huisha moto.

Tena kitambaa hiki hakisamehe. Kwenye kitenge mshono uliopinda hufunikwa na ua au bawa la ndege, na mteja haoni kamwe. Kwenye rangi moja, milimita mbili za kupinda huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ilinibidi nirudi kwenye mambo niliyodhani nimeyamaliza nikiwa mwanafunzi wa cherehani: kuchora kwa chaki kabla ya kukata, kuacha nafasi ya mshono iliyo sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kupiga pasi kila baada ya mshono mmoja. Na pasi yenyewe ina upande. Ukiunga nyeupe na damu ya mzee, mikunjo ya ndani ilaze yote upande wa rangi nzito. Ukiilaza upande wa nyeupe, ile nyekundu itachungulia chini yake kama mshipa chini ya ngozi, na hakuna namna ya kuirekebisha mfarishi ukishafungwa. Pasi yetu ilikuwa ya makaa na kitambaa cha sare kina poliesta, kwa hiyo kila mara tulitandika kwanza kitambaa cha pamba kilicholowa. Nilisahau mara moja. Alama ya ncha ya pasi bado iko kwenye kona ya kijani, inang'aa.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa kufua. Tulimaliza mfarishi wa tatu, nyeupe nyingi kutoka kwenye mabaki ya mashati na kanda tatu za damu ya mzee, tukaupigia bandi, tukaushona kwa mkono, mama mkubwa upande mmoja na mimi upande mwingine. Niliuloweka nikaenda sokoni. Nikarudi nikakuta nyeupe yote imekuwa waridi, si waridi nzuri, waridi ya maji ya nyama. Mama mkubwa alikaa kimya muda mrefu. Watu husema chumvi ya Katwe hushika rangi. Tulijaribu na haikushika. Tangu hapo kila kitambaa chekundu nakifua peke yake kabla hakijaonja mkasi, mara tano, mara sita, mpaka maji yawe meupe.

Lakini Katwe ilitusaidia kwa njia nyingine. Aliyewahi kusimama juu ya lile ziwa la chumvi anaijua picha: mashamba ya chumvi yamepangana ukingoni, kila moja na mwenyewe, yametengwa kwa matuta ya udongo. Hakuna lililo mraba kamili. Moja ni la kahawia, la pili limegeuka waridi, la tatu la kijivu kama bati, kulingana na maji yaliyomo na chumvi ilipofikia. Mistari imepinda kwa sababu iliwekwa na miguu ya watu, na bado macho hutulia. Niliichora kwa kumbukumbu juu ya gunia la simenti, tukaishona kwa vipande visivyo na pembe sawa. Nadhani ndio mfarishi wa kwanza niliouona kuwa wangu kweli.

Mei mwaka huohuo mto Nyamwamba ulifurika. Kilembe ililiwa na mawe na matope, hospitali ikaharibiwa, na watu wengi wa Kasese wakabaki bila nyumba. Tulikuwa na mifarishi saba imekunjwa, tukisubiri soko la Mpondwe lifunguke. Mama mkubwa, aliyeishi Kilembe ujana wake wote, alifunga yote saba kwenye shuka moja akampa dereva wa lori lililokuwa na kibali. Sikuwa radhi, na nakiri. Deni la duka lilikuwa bado lipo. Yeye alisema tu kwamba kule juu usiku kuna baridi.

Miezi kadhaa baadaye nilifika kwenye kambi ya Muhokya kumtembelea ndugu, na katika hema moja nikauona ule wa Katwe. Walikuwa wameutundika kwa kamba, ukawa ukuta kati ya watoto na wazazi. Jua la saa nane lilikuwa linapita ndani yake. Nilikuwa sijawahi kuuona hivyo, nuru ikitoka nyuma: rangi zilikuwa zimeiva kama vioo vya kanisani, na mishono yote niliyoilaza kwa pasi ikawa mistari myeusi. Msichana wa miaka kama tisa aliniambia, bila kujua mimi ni nani, kwamba ile bluu ni ya shule yao. Aliishika pale pale, kwenye ile bluu, akaikunja kidogo mkononi. Shule ilikuwa imefungwa miezi mingi na hakuwa na sare tena; ilikwenda na maji.

Nilirudi nikifikiria kile kitambaa cha amri. Nilikosea kukiona hivyo. Mtoto wa Kasese anajua rangi ya shule yake kabla hajajua kusoma jina lake, na anajua ya kaka yake, na ya wale wanaowashinda mpira.

Mgeni mmoja aliyekuja kupanda Rwenzori aliniachia kitabu cha picha za mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi kwenye kona ya mto huko Alabama. Mingi imeshonwa kwa nguo za kazi, jinzi zilizopauka magotini, na mraba mweusi wa mfuko uliobanduliwa. Nilimpelekea mama mkubwa. Alifika kwenye mfarishi wa Annie Mae Young wa mwaka 1976, bluu za kazi zimezunguka kanda nyekundu na za dhahabu katikati, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. "Huyu naye mume wake alikuwa mgodini?" Nilimsimulia ninayoyajua: kwamba ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba, kwamba mwaka 1962 wenye mamlaka waliondoa kivuko chao ili wasivuke kwenda mjini kujiandikisha kupiga kura, na hakikurudi mpaka 2006, kwamba mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika makumbusho ya Houston, kisha New York, watu wakaitazama kama wanavyotazama michoro ya wachoraji wakubwa. Kuhusu makumbusho hakusema kitu. Kuhusu kivuko alisema, "Miaka arobaini na minne," akageuka akatazama chini uliko mto wetu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linanikaa kooni.

Mwaka 2021 mifarishi yangu ilikuwa imeanza kujulikana. Nilikuwa na oda tatu za harusi. Asubuhi moja mwanamke wa Kasindi, aliyekwama upande wetu kwa jamaa zake, alisimama barazani. "Wabukire, dada," akasalimu, maana lugha ya mama ni moja huku na kule, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha kwao: "Unionyeshe vile unazipanga." Vipande vilikuwa sakafuni mbele yangu, vimekaa sawasawa baada ya siku mbili za kuvihamisha. Nikachukua leso nikavifunika. Nikamwambia nina haraka. Alisimama kidogo, akasema haya, akaenda.

Mama mkubwa alingoja mpaka hatua zikaisha. "Mwanangu, rangi ulinunua dukani. Mshono nilikufundisha mimi, nami nilifundishwa na mama yangu. Hapo unachokificha ambacho ni chako ni kipi?"

Sikumjibu na sikumfuata yule mama. Ningeweza, nilijua nyumba aliyofikia.

Januari 2022 shule zikafunguliwa kikamilifu, karibu miaka miwili tangu zifungwe. Watoto walikuwa wamerefuka, hakuna sare iliyomtosha mtu, na kila cherehani ya Kasese ililia usiku na mchana. Mabaki yalijaa chini ya meza zetu. Hapo nikagundua kitu ambacho ningekigundua mapema kama nisingekuwa na choyo. Fundi hushonea shule moja au mbili, basi, na mabaki yake ni ya rangi hizo mbili. Mimi nilikuwa na bluu ya kuogelea na sikuwa na zambarau hata ya kufungia kidole. Aliyekaa mkabala nami alikuwa na zambarau na kijivu. Wa karibu na kituo cha taksi, machungwa. Peke yako huna mfarishi. Una rundo la rangi moja. Tulianza kubadilishana kwa kupima kwa kiganja, kiganja kwa kiganja, na mtu akichukua vipande vyako huwezi kumzuia asione umevipanga vipi. Wakawa wanakuja Jumamosi mchana, wanakaa chini. Mmoja aligeuza mpango wangu ubavuni, ule ukanda mrefu ukawa umelala badala ya kusimama, na ukapendeza kuliko wangu.

Mpaka ulipofunguliwa nikaenda Mpondwe siku ya Ijumaa kutafuta bitana. Kwenye kamba, kati ya vitenge, kulikuwa na mfarishi wa rangi moja moja. Kilichonisimamisha ni weusi. Sikuwa nimewahi kuthubutu kutumia nyeusi. Kwetu ni ya msiba. Aliyeushona alizungushia kila rangi uzi mwembamba wa nyeusi, na rangi zikawa na kina ambacho zangu hazikuwa nacho. Nikageuza kona nione mshono. Kisha nikainua macho, nikamkuta mwenyewe ananitazama: yule mwanamke wa Kasindi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote isipokuwa lile alilofanya. Alisogea kwenye benchi akanipisha nikae. Nilianza kusema habari ya leso. Akanikatiza, akaniuliza kama ninataka kuona anavyoanza. Yeye haanzii katikati kama mimi. Anaanzia pembeni, anashona ukingo wote kwanza, kisha anaingia ndani pole pole akizunguka, kipande juu ya kipande, mpaka rangi ya mwisho inakaa penye nafasi ya mwisho. Alisema alianza hivyo kwa sababu hakumwona mtu wa kumwonyesha, na pembe ndiyo aliyoweza kuikisia. Baadaye nilisoma habari za Wasidi wa Karnataka, India, watu ambao mababu zao walipelekwa kule kutoka pwani zetu za Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi, nao huanzia ukingoni wakaingia ndani wakizunguka. Nilimsomea. Alifurahi sana, akataka nirudie jina la mahali mara mbili.

Usiku mmoja wa Juni 2023, pale pale Mpondwe, shule ilishambuliwa na watoto wakauawa mabwenini. Wiki zilizofuata mafundi wa Bwera hawakuwasha taa usiku. Tangu hapo kuna rangi moja, ya sare ya shule ile, ambayo sote, bila kukubaliana kwa maneno, tunaikusanya katika mfuko wake. Haikatwi ovyo na haibadilishwi kwa kiganja. Mama mmoja alikuja kuomba kipande kidogo cha kuweka ndani ya mfarishi wa binti yake aliyebaki. Nilimkatia alichotaka. Alitaka kiwe upande wa ndani, chini ya bitana, mahali ambapo yeye tu anajua.

Mama mkubwa haoni vizuri tena. Anapanga kwa kutuagiza: anakaa kwenye kiti, sisi tunahamisha vipande chini, yeye anafumba macho nusu, ambavyo sasa ndivyo anavyoona siku zote, na anasema sogeza, sogeza, hapo. Blanketi la ovaroli liko kitandani kwake. Aliacha kulificha.

Jana usiku simu ilitoka Kasindi. Yule mwenzangu ana mfarishi wa harusi, amefika katikati, na pale penye nafasi ya mwisho amejaribu rangi tano na jicho limekataa. Anataka damu ya mzee. Nimempimia mita mbili kutoka jora lilelile la 2020, nimeifua mara sita, inakauka uani. Ijumaa nitavuka nayo. Ameniambia nisiikate, atakata mwenyewe, ila nikae mpaka amalize nimwambie kama imekaa.